Kutojulikana na Mwenendo wa Lugha katika Mitandao ya Kijamii: Mfano wa Arash, Wilaya ya Ngorongoro

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kutojulikana kwa msemaji kunavyoathiri mwenendo wa watumiaji wa Kiswahili katika mitandao ya kijamii. Mfano mkuu ni Arash, kijiji cha wafugaji katika Wilaya ya Ngorongoro, ambacho mgogoro wake wa ardhi umejadiliwa mno mitandaoni na wakati huohuo umefika mahakamani. Hoja kuu ni kwamba kutojulikana si sifa ya mtu bali ni uhusiano baina ya watu: swali la msingi si kama msemaji anajulikana au la, bali anajulikana kwa nani. Inapendekezwa kwamba mjadala utofautishe ukosefu kamili wa jina, lakabu ya kudumu na jina la pamoja.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu adabu katika mitandao ya kijamii nchini Tanzania aghalabu huanza na malalamiko kwamba watu hutukana kwa sababu wamejificha, na huishia na pendekezo kwamba kila mtu alazimishwe kuandika kwa jina lake halisi. Malalamiko hayo yana msingi, lakini pendekezo hilo linahitaji kupimwa. Neno lenyewe 'kutojulikana' lina historia nzito katika Kiswahili cha Tanzania cha miaka ya karibuni. Baada ya Tundu Lissu kupigwa risasi mjini Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, kirai 'watu wasiojulikana' kilienea mno katika vyombo vya habari na katika mazungumzo ya kila siku, hata kikawa na maana yake maalumu: si mtu yeyote ambaye jina lake halijafahamika, bali mtenda jeuri ambaye hakuna anayemtia mkononi. Kwa hiyo anayefungua akaunti kwa jina la kubuni ili asiumizwe, na anayeumiza wengine bila kufahamika, wote wanaelezwa kwa kitenzi kimoja. Utata huo wa kimaana ndio unaovuruga mjadala mzima.

Arash imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo lugha ya hadhara ina taratibu zilizo wazi za kumtambulisha msemaji. Pili, ni mahali ambapo kusema kwa jina na kusema bila jina kuna matokeo makubwa, kwani linalobishaniwa ni ardhi ya malisho ambayo ndiyo maisha ya wakazi.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Hali tatu zinahitaji kutofautishwa. Ya kwanza ni ukosefu kamili wa jina: ujumbe hauna mwenyewe, au una jina lililobuniwa kwa siku moja na kutupwa kesho yake. Ya pili ni lakabu ya kudumu: msemaji hatumii jina la kuzaliwa, lakini jina alilojichagulia analitumia kwa miaka, linajenga sifa au fedheha, na wasomaji hulihukumu kwa yale liliyosema zamani. Ya tatu ni jina la pamoja: maneno yanatoka kwa kundi linalotambulika, kama vile ukoo, chama au halmashauri ya kijiji, bila kumtaja mtu mmoja.

Lakabu si jambo geni katika Kiswahili. Malenga wengi waliochapisha mashairi yao magazetini walikuwa na majina ya kishairi. Amiri Andanenga, kwa mfano, alifahamika kama Sauti ya Kiza. Lakabu ya namna hiyo haikumficha mtunzi. Ilimpa nafsi ya pili yenye wajibu wake, kwa kuwa mshairi aliyejibiwa gazetini alilazimika kuitetea lakabu yake mbele ya wasomaji walewale.

Vilevile Kiswahili kina mapokeo marefu ya kusema kwa fumbo. Maandishi ya kanga huitwa 'jina la kanga', na mvaaji huweza kumfikishia jirani ujumbe mkali bila kufungua kinywa. Mipasho ya taarabu hufanya kazi hiyohiyo ukumbini. Lakini tofauti ya kimuundo baina ya mapokeo haya na matusi ya mitandaoni haina budi kuzingatiwa. Katika kanga na mipasho, msemaji anaonekana na mlengwa hatajwi: mvaaji amesimama pale pale, na aliyelengwa ana hiari ya kujitambua au kujifanya hakuelewa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika shambulio la mtandaoni mpangilio umepinduliwa: mlengwa anatajwa kwa jina na pengine kwa picha, ilhali msemaji haonekani. Mapokeo yalihifadhi uso wa mlengwa na kumwachia msemaji gharama ya maneno yake. Umbo hili jipya linahifadhi uso wa msemaji na kumtwika mlengwa gharama yote. Hivyo si sahihi kudai kwamba Waswahili walikuwa na mitandao yao ya mafumbo tangu zamani na kwamba hakuna kipya.

3.0 Maelezo ya Kinadharia

Maelezo ya kwanza yalitolewa na wanasaikolojia wa kijamii waliochunguza tabia ya mtu ndani ya kundi. Kwa mujibu wa Zimbardo (1969), mtu asiyetambulika hupoteza hisia ya nafsi yake kama mtu mmoja, na kwa hiyo vizuizi vya kawaida vya mwenendo hulegea. Suler (2004) aliipeleka hoja hiyo katika mawasiliano ya intaneti na kutaja sababu sita za kulegea huko, miongoni mwake kutojulikana, kutoonekana, na kutokuwapo kwa jibu la papo hapo. La muhimu ni kwamba Suler hakuona madhara peke yake. Alieleza kwamba vizuizi vikilegea, mtu huweza kutukana, lakini pia huweza kukiri udhaifu, kuomba msaada au kuonyesha wema ambao asingeuonyesha ana kwa ana.

Maelezo ya pili yanapingana kwa kiasi na ya kwanza. Postmes na Spears (1998) walipitia matokeo ya tafiti 60 na kuona kwamba dai la mtu kupoteza nafsi halina uthibitisho wa kutosha. Walichokiona ni kwamba asiyetambulika hufuata zaidi kaida za kundi analojihisi kuwa sehemu yake katika mazingira yale. Kundi likiwa na kaida ya upole, huwa mpole zaidi. Likiwa na kaida ya kejeli, huwa mkali zaidi. Kwa mtazamo huu, kutojulikana hakuzai ukali. Huukuza ule uliokwishakuwamo katika kundi.

Maelezo ya tatu yanatokana na jaribio la Lapidot-Lefler na Barak (2012), ambao walitenganisha kutojulikana kwa jina, kutoonekana kwa mwili na kukosa kutazamana macho kwa macho. Matokeo yao yalionyesha kwamba kukosa kutazamana ndiko kulikochochea zaidi lugha ya matusi. Iwapo ni hivyo, basi kumlazimisha mtu aandike jina lake bila kumrudishia macho ya mwenzake ni kutibu sehemu ndogo tu ya ugonjwa.

4.0 Kutoka Enkiguena hadi Mtandaoni

Mkutano wa mashauri wa Wamaasai, enkiguena, ni mfano mzuri wa mawasiliano ambamo msemaji anajulikana kwa ukamilifu. Mzungumzaji husimama mbele ya wenzake. Rika lake linafahamika, ukoo wake unafahamika, na watu wanakumbuka alichosema katika mikutano iliyopita. Kiongozi wa rika, olaiguenani, hupimwa kwa uwezo wake wa kusikiliza na kujumlisha mawazo ya wengine. Mhimili wa mwenendo huo ni enkanyit, dhana ya heshima inayoongoza namna mdogo anavyomwendea mkubwa na namna mkubwa anavyomjibu mdogo.

Katika nadharia ya Brown na Levinson (1987), kila usemi unaoweza kumvunjia mwenzake uso hupimwa kwa umbali wa kijamii, tofauti ya madaraka na uzito wa jambo lenyewe. Katika enkiguena vipimo vyote vitatu vinapatikana kabla ya msemaji kuanza. Mtandaoni viwili vya kwanza havipatikani: mjibuji hajui kama anayemjibu ni mzee wa rika la baba yake au mtoto wa shule. Kwa kuwa kipimo hakipo, kila anayejibiwa huweza kuchukuliwa kuwa si kitu.

Athari za hali hiyo huonekana katika sarufi. Sentensi mbili zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi:

(a) Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe.
(b) Hicho kizee kimelipwa, kinadanganya.

Katika (a) kuna neno la kuitana, kitangulizi cha heshima na nafsi ya pili: msemaji anamkabili mwenzake. Katika (b) mabadiliko matatu yametokea. Kwanza, mlengwa ameondolewa katika nafsi ya pili na kuwekwa katika nafsi ya tatu, ingawa anasoma. Pili, nomino imetiwa katika ngeli ya KI-VI kwa dhamira ya kudunisha. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, upatanisho wa kisarufi umefuata umbo la nomino badala ya maana yake. Kwa kawaida Kiswahili huwapa viumbe hai upatanisho wa A-WA hata pale nomino zao zinapokuwa na umbo la ngeli nyingine, kama katika 'kijana anasoma' au 'kiboko amelala'. Kusema 'kizee kinadanganya' ni kumvua mtu uhai wa kisarufi na kumweka pamoja na viti na vikombe. Usemi wa namna hiyo huwezekana ana kwa ana pia, lakini huko una gharama. Pasipo jina wala macho gharama hiyo hushuka.

Hata hivyo, enkiguena isichukuliwe kuwa kielelezo kisicho na kasoro. Kwa desturi ni baraza la wanaume, na sauti ya mwanamke au ya kijana haikuwa na nafasi sawa humo. Heshima inayomzuia mdogo asitukane ndiyo hiyohiyo inayoweza kumzuia asiseme kabisa. Kwa mtu wa namna hiyo, lakabu huweza kuwa mlango wa kwanza wa kuingia katika mjadala wa hadhara.

5.0 Jina na Ushahidi: Mgogoro wa Ardhi

Mnamo Agosti 2017 maboma ya wafugaji yalichomwa moto katika operesheni ya kuwaondoa watu na mifugo kwenye maeneo yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka huohuo vijiji vinne, yaani Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilifungua shauri namba 10 la 2017 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha dhidi ya Serikali ya Tanzania. Septemba 2018 mahakama ilitoa amri ya muda ya kuzuia uondoaji. Juni 2022, kabla ya hukumu, serikali iliweka mipaka ya kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, na vurugu zikatokea. Polisi mmoja aliuawa, wakazi walijeruhiwa, na baadhi yao walivuka mpaka kuingia Kenya kutafuta matibabu. Picha na video za majeruhi zilienea mitandaoni, na viongozi wa serikali walizipinga wakisema ni upotoshaji.

Wakati huo ndipo sura zote za kutojulikana zilipokutana. Aliyerusha picha ya jeraha alikuwa na sababu ya kutotaja jina lake. Lakini picha isiyo na mwenyewe, isiyo na mahali wala tarehe, ni rahisi kukanushwa. Kutojulikana kulimlinda shahidi na wakati huohuo kulipunguza uzito wa ushahidi. Upande mwingine, madai ya miaka mingi kwamba wakazi wa Loliondo si Watanzania bali ni wageni kutoka Kenya yaliweza kurudiwa na yeyote asiyetakiwa kuthibitisha lolote, na kila aliyerudia aliweza kujikinga kwa msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Sarufi yenyewe inashiriki katika mvutano huu. Kiswahili kina njia kadhaa za kumficha mtenda bila msaada wa teknolojia yoyote. 'Maboma yameungua' ni taarifa isiyo na mtenda. 'Maboma yamechomwa' ni kauli ya kutendwa: mtenda hatajwi, lakini kitenzi kinadai kwamba yupo. 'Inasemekana maboma yamechomwa' inamficha mtenda na msemaji kwa pamoja. Asiye na jina anayeandika 'yamechomwa' ametoa shutuma ambayo hakuna awezaye kuulizwa juu yake. Mwenye madaraka anayeandika 'yameungua' kwa jina lake kamili ameficha zaidi kuliko yeye. Kwa hiyo kuwapo kwa jina la mwandishi si dhamana ya ukweli.

Tarehe 30 Septemba 2022 mahakama ilitupilia mbali shauri la vijiji, ikieleza kwamba havikuthibitisha kuwa uondoaji ulifanyika katika ardhi ya vijiji, nje ya mipaka ya hifadhi. Novemba 2023 Divisheni ya Rufani ya mahakama hiyo ilitengua uamuzi huo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Kwa mtafiti wa lugha, funzo ni kwamba maelfu ya jumbe za mitandaoni hayawezi kuchukua nafasi ya shahidi anayesimama, anayeulizwa maswali na kujibu. Lakini funzo la pili lina uzito sawa: walioshtaki hawakuwa watu mmoja mmoja bali halmashauri za vijiji. Jina 'Arash' ndilo lililosimama mbele ya mahakama. Jina la pamoja liliwezesha madai yawe na mwenyewe anayewajibika, na wakati huohuo halikumwacha mtu mmoja abebe mzigo wote peke yake.

6.0 Anajulikana kwa Nani?

Sheria za Tanzania zimepunguza kutojulikana kwa hatua. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 iliagiza usajili wa laini za simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilivipa vyombo vya dola uwezo wa kudai taarifa za watumiaji. Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa baada ya jukwaa hilo kukataa kutoa taarifa za wachangiaji wake, ambao wengi huandika kwa lakabu. Aprili 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani katika mojawapo ya mashtaka na kumtoza faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja.

Matokeo ya mpangilio huu yanastahili kutazamwa kwa makini. Mtumiaji mwenye lakabu hajulikani kwa jirani yake, kwa mlengwa wa matusi yake, wala kwa msomaji wa kawaida. Lakini kwa mwenye uwezo wa kuidai rekodi ya laini ya simu anaweza kujulikana. Hii ina maana kwamba ngao ipo pale inapoleta madhara, yaani baina ya raia na raia, na imedhoofishwa pale inapoleta manufaa, yaani baina ya raia na mwenye madaraka. Mwanamke anayetukanwa hana njia rahisi ya kumjua anayemtukana; mfugaji anayeeleza aliyoyaona hana hakika kwamba hatajulikana.

Zaidi ya hayo, kutojulikana huweza kutumiwa kunyamazisha. Desemba 2021 kampuni ya Twitter ilitangaza kwamba imefunga akaunti 268 zilizokuwa zikitumiwa kupeleka malalamiko ya hila dhidi ya wanachama na wafuasi wa FichuaTanzania na mwanzilishi wake. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford ulieleza mbinu iliyotumika: maandishi ya walengwa yalinakiliwa kwenye tovuti na kupewa tarehe ya nyuma, kisha walengwa wakashtakiwa kwa wizi wa hakimiliki. Hapo hapakuwa na tusi hata moja. Lugha ilikuwa ya kisheria na ya adabu, na bado madhara yalikuwa ya kumziba mtu mdomo. Kipimo cha adabu ya maneno peke yake hakitoshi kubainisha mwenendo mbaya.

Je, dawa ni kulazimisha majina halisi? Jamhuri ya Korea ilijaribu. Kuanzia 2007 tovuti kubwa zilitakiwa kuthibitisha utambulisho wa kila mchangiaji. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa tovuti mbili mashuhuri nchini humo, na Agosti 2012 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo kwa kauli moja, ikiona kwamba imebana uhuru wa kujieleza bila manufaa ya umma yaliyo dhahiri. Matokeo hayo yanakubaliana na nadharia zilizoelezwa katika sehemu ya 3.0: kaida za kundi na macho ya mwenzake vina nguvu kuliko jina lililohifadhiwa katika rekodi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kutojulikana hakuzai matusi kwa nafsi yake, bali hupunguza gharama ya matusi na kukuza kaida zilizokwishakuwamo katika kundi. Imeonyeshwa pia kwamba mapokeo ya fumbo ya Kiswahili yalimficha mlengwa, ilhali shambulio la mtandaoni humficha msemaji, na kwamba upinduaji huo huonekana hata katika upatanisho wa kisarufi.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba lakabu ya kudumu isihukumiwe pamoja na ukosefu kamili wa jina. Jina la kubuni lililodumu kwa miaka 10 lina heshima ya kupoteza, na mwenye kitu cha kupoteza huchunga ulimi. La pili ni kwamba jina la pamoja, ambalo jamii kama ya Arash imelitumia mahakamani, lipewe nafasi pia katika mawasiliano ya mitandaoni. Taarifa inayotolewa kwa jina la kijiji, ikiwa na tarehe na mahali, huweza kuulizwa na kujibiwa bila shahidi mmoja kuanikwa.

Watafiti wa Kiswahili wana kazi mbele yao. Uchambuzi wa upatanisho wa ngeli katika matusi ya mitandaoni, wa matumizi ya kauli ya kutendwa isiyo na mtenda katika habari za migogoro, na wa namna wasemaji wa Kimaasai wanavyohamisha dhana ya enkanyit wanapoandika Kiswahili, ungetoa mwanga mkubwa kuliko lawama za jumla juu ya kuporomoka kwa maadili. Katika enkiguena, asiyekubaliana na mwenzake husimama akaonekana, na mwenzake humsikiliza mpaka amalize. Mitandao ya kijamii haiwezi kurudisha mti wa mkutano, lakini inaweza kubuniwa na kutumiwa kwa namna inayodai sehemu zote mbili za utaratibu huo: anayesema awe na kitu cha kupoteza, na anayesikiliza asiwe na uwezo wa kumwangamiza kwa sababu amesema.